Utulivu wa Upinde Uliovutwa

Anayemwona mpiga upinde wa Kijapani kwa mara ya kwanza, mikono ikiwa imetandazwa, upinde umejikunja hadi mwisho na mshale umegusa shavu, hudhani mtu yule ametulia akitafuta shabaha. Hasogei. Sekunde zinapita, 5, 6, wakati mwingine zaidi, na hakuna kinachoonekana kutendeka. Kumbe hapo ndipo kazi ilipo nzito kuliko hatua nyingine zote. Mkono wa kushoto unasukuma, wa kulia unavuta, kiuno kinashuka na utosi unapanda. Nguvu hizo nne zinakua kwa wakati mmoja, na hakuna inayoruhusiwa kuishinda mwenzake. Upande mmoja ukilegea kidogo tu, mwili mzima unapinda.

Sanaa nyingi za mapigano za Japani zinalitafuta jambo hili. Mcheza sumo huinua mguu mmoja juu sana huku mwingine ukizama sakafuni, akarudia hivyo asubuhi baada ya asubuhi, ili nyonga zake zijue kwenda juu na chini kwa pamoja. Katika Daito-ryu ya Takeda Sokaku (1859–1943), na katika aikido iliyoanzishwa na mwanafunzi wake Ueshiba Morihei (1883–1969), mtu hushikwa kifundo cha mkono kwa nguvu. Hufundishwa asishindane na mshikaji kwa misuli ya mkono ule, bali aipokee nguvu kiwiliwilini na kuigawa. Shida ni kwamba mtazamaji haoni kitu. Anaona mtu amesimama na mwenzake ameanguka, basi. Ndiyo maana mimi huvutiwa zaidi na kyudo, sanaa ya upinde. Kinachotendeka ndani ya mwili wa mpigaji kinaandikwa nje, katika mbao, kamba na mshale, na mwenye subira ya kutazama anaweza kukisoma.

Kabla ya kutazama, kuna jambo la fizikia la kukumbuka. Upinde ukiwa umevutwa na kutulia, nguvu inayoukabili mkono wa kushoto ni sawasawa na ile inayoukabili wa kulia. Upinde wa kilo 15 unadai kilo 15 kila upande, na hakuna fundi wala mwanagenzi anayeweza kuubembeleza upunguze. Kwa hiyo mwalimu anapomwambia mwanafunzi kwamba amekosa mizani, hazungumzii kiasi cha nguvu mikononi. Anazungumzia mahali nguvu hizo zinapokutana. Je, zimefika katikati ya kifua, zikabebwa na mifupa iliyonyooka na misuli mipana ya mgongo? Au zimekwama njiani, moja kwenye bega la kushoto lililopanda, nyingine kwenye kifundo cha mkono wa kulia kilichokazwa? Pichani, wapigaji hao wawili wanaweza kufanana. Mshale ukiondoka, hawafanani tena.

Upinde wenyewe huitwa yumi, na urefu wake wa kawaida ni sentimita 221, unaompita kimo karibu kila anayeushika. Haushikwi katikati. Mshiko upo kiasi cha theluthi moja kutoka chini, hivyo sehemu ya juu ni ndefu na ya chini ni fupi. Umbo hilo ni la kale: maandishi ya Kichina ya karne ya 3 yanayoeleza watu wa visiwa vile yanataja pinde za mti zilizo fupi chini na ndefu juu. Sehemu mbili zisizolingana urefu hazijikunji sawa, na kazi ya kuzipatanisha inaangukia kiganja cha kushoto. Kwa hiyo hata kabla mtu hajaingia, chombo kina ugomvi wake.

Ugomvi huo umetiwa humo kwa makusudi. Katika mji wa Miyakonojo, kusini mwa kisiwa cha Kyushu, mafundi bado hutengeneza yumi za mwanzi kwa mkono. Fundi huunganisha vipande vyembamba vya mwanzi uliobabuliwa motoni, huweka ubavuni mti wa haze, ulio ukoo mmoja na mwembe na mkorosho, kisha hufunika kwa vibao vya mwanzi upande wa nje na wa ndani. Gundi ikiwa bado mbichi, huzungushia kamba upinde wote na kupigilia kabari za mwanzi chini ya kamba hiyo, moja baada ya nyingine, huku akiukunja kidogo kidogo. Kila kabari inabana mahali pake na kuusogeza mkunjo hatua moja, wala hawezi kuikimbiza kazi hiyo, kwa sababu gundi nayo ina muda wake. Upinde uliokamilika, ukivuliwa kamba, hujikunja kinyume na unavyovutwa. Ukivutwa, mwanzi wa nje unanyooshwa na wa ndani unabanwa, na uhai wa upinde uko kati ya hivyo viwili.

Sasa tumchukue mama mmoja wa makamo, wa aina inayoonekana katika kumbi nyingi za mazoezi nchini Japani, aliyeanza akiwa mwanafunzi wa sekondari na hajaacha. Amevaa hakama, vazi pana la kiunoni, soksi nyeupe za tabi, na kinga ya ngozi kifuani. Amepiga magoti akifunga yugake, glavu ya ngozi ya kulungu ya mkono wa kulia. Gumba la glavu hiyo ni gumu, limetiwa mti au pembe ndani, na kwenye shina lake pana mfuo wa kunasia upote, kamba ya upinde. Anafunga ukanda wa glavu bila haraka, anaupima kwa kukunja kifundo, anaulegeza, anaufunga tena. Ukanda ukikaza mno, mkono hautasikia kitu. Ukilegea, glavu itazunguka. Kisha anapaka unga wa utomvu wa msonobari kati ya gumba na vidole, na kuvisugua mpaka vilie. Unga huo ndio utakaomwezesha kushika bila kubana.

Upigaji wa mshale mmoja umegawanywa katika hatua nane, na mpangilio unaofuatwa na wengi leo ni ule wa kitabu cha mafunzo cha Shirikisho la Kyudo la Japani, lililoundwa mwaka 1949. Mbili za kwanza ni za miguu na kiwiliwili. Anasimama ubavu wa kushoto ukielekea shabaha, duara la sentimita 36 lililochomekwa kwenye tuta la mchanga umbali wa mita 28. Anafungua miguu kiasi cha nusu ya kimo chake, vidole vikitazama nje, ncha za vidole gumba zikiwa kwenye mstari mmoja na kitovu cha shabaha. Anaweka ncha ya chini ya upinde kwenye goti la kushoto na kutulia. Nyayo, nyonga na mabega sasa ni mistari mitatu iliyopangwa mmoja juu ya mwingine, na uti wa mgongo unaikata yote wima. Uzito umeshuka chini ya kitovu. Shingo imenyooka kwenda juu. Hajagusa upote bado, na tayari mwili wake unavutwa pande mbili.

Hatua ya tatu ni ya mikono kupata mahali pake, nayo ndiyo ningependa msomaji aitazame kwa makini kuliko zote za mwanzo. Mkono wa kulia unapeleka gumba la glavu chini ya mshale hadi upote ulale kwenye mfuo, na vidole viwili vinafunika ncha ya gumba. Havivuti. Ni kitasa tu. Mkono wa kushoto una kazi ngumu zaidi. Anakandamiza ngozi iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada dhidi ya mwanzi, anaikunja kidogo kuelekea juu, halafu analeta vidole vitatu vya chini, kidole kidogo kikikaribia gumba, mpaka mshiko umezunguka bila kiganja kujaa. Panabaki uwazi kati ya kiganja na upinde. Shina la gumba linasukuma pembe ya kulia ya mshiko, vidole vya chini vinazuia pembe ya kushoto, na kwa hiyo upinde unasokotwa kidogo ndani ya mkono tangu mwanzo. Msokoto huo una sababu. Mshale wa Kijapani hukaa upande wa kulia wa upinde, juu ya gumba la kushoto. Upinde ukibaki vilevile unapoachiliwa, utausukuma mshale nje ya njia. Msokoto ndio unaoufungulia mlango. Mkono wa kulia nao unageuzwa kidogo kwenda ndani, ili upote uubane mshale kwenye upinde usianguke. Misokoto miwili, kushoto na kulia, na kila mmoja unategemea mwingine.

Anageuza uso kuelekea shabaha. Kisha anainua upinde na mshale juu ya kichwa, mikono yote pamoja, na mabega yanabaki chini. Mtu asiyezoea huinua mabega pamoja na mikono, na kosa hilo dogo humfuata hadi mwisho.

Kutoka hapo huja kuvuta, na Wajapani hawauvuti upinde kwa mkono wa kulia peke yake. Kwanza mkono wa kushoto unasukuma kuelekea shabaha huku kiwiko cha kulia kikikunjika juu ya paji la uso, na upinde unafunguka kiasi cha theluthi moja. Anasita hapo. Halafu pande zote mbili zinaanza kuachana, kushoto ukienda mbele na chini, kiwiko cha kulia kikienda nyuma na chini, na mshale unateremka mbele ya macho, ukapita pua, hadi usawa wa mdomo. Mshale ni pima maji ya fundi mwashi: ukibaki mlalo tangu juu hadi chini, pande mbili zimefanya kazi sawa, ncha ikishuka au kupanda, upande mmoja umetangulia. Ukimtazama mama huyu kwa nyuma, utaona makombe ya mabega yakisogea chini na kutandaa, bila kurukana. Kiganja cha kulia, ndani ya glavu ile, kimelegea. Kiwiko ndicho kinachokwenda. Kiganja kinafuata kama kilivyofungwa. Miaka mingi ya mazoezi imekwenda katika kukinyamazisha kiganja hicho, kwa sababu mkono wa binadamu hupenda kushika, na ukishika tu, nguvu inakwama kwenye kifundo na haifiki mgongoni.

Na sasa amefika kwenye kai, mvuto uliokamilika. Mshale umegusa shavu, upote umegusa kifua. Mwalimu aliyesimama nyuma yake hukagua pembe mraba tano: upinde na mshale, upinde na mshiko wa kushoto, gumba la glavu na upote, uti wa mgongo na mstari wa mabega, shingo na mshale. Zote zikiwa sawa, mwili umepangika. Lakini kupangika si kai, ni mwanzo wake tu.

Upinde hauchoki, misuli inachoka. Kilo 15 za sekunde ya kwanza ni zilezile kilo 15 za sekunde ya sita, ilhali nyuzi za misuli zinazozibeba zinapungua uwezo kila kitambo. Anayejaribu kubaki palepale alipofika hurudi nyuma bila kujua, na ncha ya mshale huonekana ikinyemelea mbele, milimita moja, mbili. Kwa hiyo, ili kusimama, ni lazima aendelee kupanuka. Kifua kinafunguka kutoka katikati, ngumi ya kushoto inaendelea kuelekea shabaha, kiwiko cha kulia kinaendelea kuelekea nyuma, visigino vinasukuma sakafu, kisogo kinavutwa juu. Pumzi inatoka polepole, tumbo la chini likijaa. Mwendo wote huo ni mdogo kiasi kwamba jicho halina pa kuushika. Kinachoonekana ni mshale usiotikisika, nao hautikisiki kwa sababu kila upande unaongezewa kile ambacho upande wa pili umeongezewa.

Huko Ulaya na Marekani, watu wengi waliijua kyudo kupitia kitabu cha Mjerumani Eugen Herrigel kilichotoka mwaka 1948. Herrigel alifundisha falsafa mjini Sendai miaka ya 1920, na huko alijifunza upinde kwa bwana Awa Kenzo (1880–1939). Kitabu chake kiliwaachia wasomaji picha ya mshale unaojipiga wenyewe kwa namna ya fumbo la Zen. Sina ugomvi na mtu aliyeguswa na kitabu hicho. Ila naona kinamnyima mpigaji sifa yake. Mshale unaoondoka bila kutupwa una maelezo ya mwili, na maelezo hayo, kwa macho yangu, ni ya ajabu kuliko fumbo. Mtu amejifunza kukiacha kitasa kifunguke kwa kupanuka kwa kifua, bila kuamrisha vidole, na kujifunza huko kumemchukua miaka.

Maana hivyo ndivyo mshale unavyoachiliwa. Mama yule hafungui vidole. Mpanuko unaendelea mpaka gumba gumu linateleza kutoka chini ya vidole viwili, sauti kali inalia, na mikono yote miwili inafunguka. Mkono wa kulia unaruka nyuma na kunyooka, sambamba na wa kushoto. Upinde, uliokuwa umesokotwa tangu hatua ya tatu, unazunguka wenyewe ndani ya mshiko na upote unaishia upande wa nje wa kigasha cha kushoto, karibu mzunguko mzima. Hakuna mkono uliouzungusha. Mshiko uliobana sana ungeuzuia, na uliolegea ungeuangusha.

Baada ya hapo habadiliki kwa sekunde chache. Hatua hii ya nane, zanshin, ni sehemu ya upigaji, na walimu huisoma kabla ya kutazama mshale umetua wapi. Ngumi ya kushoto ikiwa imeyumba kwenda pembeni, shina la gumba halikuwa kazini. Mkono wa kulia ukiwa umeanguka chini au umebaki karibu na uso, kiwiko kilikuwa kimeacha kupanuka na vidole ndivyo vilivyofungua. Kiwiliwili kikiwa kimeegemea nyuma, mizani ya juu na chini ilipotea wakati wa kuvuta. Mshale waweza kuwa umepiga katikati kabisa, na mwalimu akatikisa kichwa.

Upole wa hatua hizi usimdanganye mtu akadhani polepole ndiyo asili ya sanaa yenyewe. Katika hekalu la Sanjusangendo mjini Kyoto, lenye ukumbi wa mita 120 hivi, wapigaji wa zamani walishindana kupitisha mishale kwenye veranda ndefu bila kugusa paa wala nguzo. Mwaka 1686 kijana Wasa Daihachiro alipiga mishale 13,053 kwa saa 24, na 8,133 ilifika mwisho. Hiyo ni mishale tisa kwa dakika, usiku na mchana. Misuli ya mkono peke yake isingefika alfajiri. Mwili uliopangwa vizuri ulivumilia kwa sababu mzigo ulikuwa umepelekwa kwenye mgongo na mifupa, na mwendo wa haraka ulijengwa juu ya ule wa polepole.

Kuna ugonjwa mmoja ambao wapigaji wote wanauogopa, nao huitwa hayake. Mtu anafika kwenye kai na mshale unaondoka hapohapo, kabla hajautaka. Wengine unawatoroka hata kabla haujafika shavuni. Huwapata hata waliobobea, tena mara nyingi waliokuwa wakipata shabaha sana. Hamu ya kupata imekuwa upande wa tatu wa mvutano, na hauna wa kuupinga. Kujilazimisha hakusaidii, kwa kuwa kujilazimisha hukaza kiganja, na kiganja kilichokazwa hufunguka mapema zaidi.

Tiba yake ni ya kurudi nyuma. Mpigaji aliyepatwa nao anachukua upinde mwepesi, labda wa kilo 10. Anaacha shabaha ya mita 28 na kusimama kiasi cha mita 2 mbele ya makiwara, furushi la majani makavu ya mpunga lisiloweza kukoswa. Siku nyingine havai glavu wala hashiki mshale. Anavuta ukanda wa mpira wa mazoezi, ule wa wanaoanza, hadi shavuni, anahesabu pumzi zake, na kuurudisha polepole kwa njia ileile aliyouvutia. Kurudisha ni kugumu kuliko kuvuta, kwa sababu pande mbili lazima zikubali kushindwa kwa kipimo sawa. Mwenzake husimama nyuma na kuweka kidole kwenye kiwiko cha kulia, bila kusukuma, ili kiwiko kijue upande wa kwenda. Wapo wenye madaraja ya juu wanaofanya hivi kwa miezi, ukumbini pamoja na watoto wa shule waliojiandikisha juzi, wakisubiri siku ambayo mshale utakubali kukaa shavuni.